Kilichotupwa Ni Cha Nani?

Kuna swali moja ambalo sisi watu wa Naviundu hatuliulizi kwa sauti, ingawa kila mmoja wetu amekwisha kujiuliza moyoni. Swali lenyewe ni hili: Kitu kilichotupwa ni cha nani?

Hatusemi juu ya maganda ya ndizi. Twasema juu ya vitu vinavyotoka katika shantye za wafanyabiashara, kule mjini Lubumbashi wanakojenga maduka, hoteli na maghala: mbao zilizotumika kushikilia beto mpaka ikauke, vipande vya nondo, matofali yaliyosalia, mabati yaliyopinda, milango na madirisha ya nyumba ya zamani iliyobomolewa ili ghorofa isimame mahali pake. Vitu hivyo hutoka huko juu ya kamyo, juu ya baiskeli, juu ya vichwa vya akina mama, navyo hufika kwetu. Pita katika vijia vyetu, utaviona. Dirisha la chuma lililokuwa la ofisi sasa ni dirisha la jiko. Ubao uliobeba ghorofa ya tatu ya tajiri sasa ni mlango wa choo cha maskini. Tofali lililochomwa wakati mji ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville leo limeshika ukuta wa kijana aliyeoa juzi.

Tuseme kwanza wazi kwamba kuokota si aibu. Wazee walisema: akiba haiozi. Hebu fikirini tofali la kwetu latoka wapi. Mafundi huchimba udongo wa kichuguu, kwa sababu mchwa wamekwisha kuupandisha juu udongo mzuri unaoshikana. Huukanda, huufyatua, huukausha juani, kisha hupanga tanuru na kuliwasha kwa kuni. Kuni hizo ni miti ya pori letu, ambayo sasa yapatikana mbali na mji, kwa kuwa hukatwa pia kwa ajili ya makala. Basi, anayesafisha tofali la zamani na kulijengea tena ameokoa udongo, ameokoa mti, na ameheshimu jasho la mtu aliyelifyatua. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alikemea desturi ya watu wa siku hizi ya kutumia na kutupa, mpaka wakawatupa hata binadamu wenzao. Na Bwana wetu mwenyewe, alipokwisha kuwashibisha maelfu ya watu, aliwaagiza wanafunzi wakusanye mabaki. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate hakutaka makombo yapotee.

Lakini kuokota ni jambo moja, na kujua tunaokota cha nani ni jambo lingine. Tuwaeleze yaliyotupata sisi wenyewe.

Katika jumuiya yetu ndogo alikuwako mama mmoja mjane mwenye watoto wanne. Wakati wa mvua upepo uling'oa nusu ya paa lake. Watoto walilala katika nyumba za majirani, wawili huku, wawili huku. Tulikutana, tukasali, tukachanga fedha, lakini fedha hazikutosha hata mabati sita mapya. Ndipo kijana wetu mmoja akaleta habari njema. Alisema kwamba mjini kuna shantye ya ghala, na nyuma ya ukuta wake kuna lundo la mbao na mabati yaliyotupwa. Zamu, yaani mlinzi wa usiku, ayauza kwa bei ndogo. Tulifurahi. Tulisema, “Mungu amesikia.” Usiku wa Ijumaa vijana walikwenda na mkokoteni. Jumamosi tulipiga misumari tangu asubuhi mpaka jioni, akina mama wakapika bukari na samaki, tukaimba. Dominika mama yule alikuja kanisani na watoto wake wote wanne, naye akatoa sadaka ya shukrani.

Majuma matatu yakapita. Masoni mmoja wa parokia yetu, ambaye alifanya kazi katika shantye ile ile, akatujia na uso uliokunjamana. Alitueleza kwamba mabati yale hayakutupwa. Yaliwekwa kando ili kuezekea kibanda cha simenti. Mwenye shantye alipoona yamepotea hakumwuliza zamu; alikata mishahara ya masoni, akawafukuza vibarua wanne waliokuwa wakilala karibu na lundo lile. Watu wanne, ndugu wasomaji! Kila mmoja ana mke, kila mmoja ana watoto. Tulidhani tumechukua mabaki ya tajiri, kumbe tumechukua chakula cha maskini wenzetu.

Siku hiyo hapakuwa na nyimbo. Wengine kati yetu walisema, “Sisi hatukuiba, tulinunua.” Wengine walisema, “Hatukujua.” Wengine walisema, “Tajiri ndiye aliyewaonea vibarua, si sisi.” Katika kila neno kulikuwa na ukweli kidogo, na kwa hiyo tulibishana sana. Basi, tuyatazame mambo haya kwa utaratibu, kama katekista anavyofundisha, maana dhamiri isiyofundishwa ni kama fundi asiye na timazi: hudhani ukuta umesimama wima.

Vitu vilivyotupwa ni vya namna tatu.

Namna ya kwanza ni kitu kilichoachwa kweli. Mwenyewe anakijua, ana akili timamu, hakulazimishwa, naye anasema kwa neno au kwa tendo lililo wazi: sikitaki tena. Walimu wa maadili, wakifuata sheria ya kale ya Warumi, hufundisha kwamba kitu cha namna hii hakina mwenyewe tena. Akiokotaye kwanza ndiye mwenyewe. Hapa hakuna dhambi. Hapa kuna sifa.

Namna ya pili ni kitu kilichowekwa kando, kilichosahauliwa, au kilichopotea. Kwa macho chafanana na cha kwanza: kiko chini, kina vumbi, mvua yakinyeshea. Lakini mwenyewe hajakiacha. Sisi wa Lubumbashi tunao mfano mkubwa kuliko miji mingi. Ni lile lundo jeusi karibu na bomba refu la moshi. Tangu mwaka 1911, Union Minière ilipoanza kuyeyusha shaba hapa, masalio ya tanuru yalimwagwa mahali pale mwaka hadi mwaka, mpaka yakawa mlima. Watoto waliliona, wageni walilipiga picha, na kila mtu alidhani ni takataka. Lakini ndani yake mlikuwamo kobalti, na tangu miaka ya 2000 lundo lile lilianza kuyeyushwa upya na kuleta mali. Je, mtu angaliweza kusema, “Limetupwa, basi ni langu”? Hasha. Lilikuwa mali ya Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière baada ya mambo yote kuchukuliwa na serikali mwaka 1967. Basi, mahali kitu kilipolala hapatuambii ni cha nani. Anayetuambia ni mwenyewe.

Namna ya tatu ndiyo mbaya, na ndiyo ya hatari zaidi kwetu tunaofanya kazi kwa mikono. Ni kitu kilichotupishwa. Fundi ana ubao wa meta nne. Kazi yataka meta mbili na nusu. Yuko ubao mwingine wa kadiri hiyo, lakini yeye akata ule mrefu ili kipande kisalie. Kibarua aufungua mfuko wa simenti jioni na kuuacha kwenye umande, ili kesho aambiwe auondoe. Mwingine afukia nondo chini ya mchanga, ili siku ya kuzoa mchanga azikute kana kwamba ni mabaki. Watu hawa hawaibi usiku. Waiba mchana kwa mkono wa kazi yao. Tena twajua kwamba simenti iliyotolewa katika ukuta huacha ukuta dhaifu, na chini ya ukuta ule watapita watu wasio na hatia. Wizi wa namna hii huanza na amri ya saba na waweza kuishia katika amri ya tano.

Na hapa ndipo penye mtego wa mioyo yetu. Mtu anayengoja mabaki kwa hamu kubwa, kidogo kidogo huanza kuyatengeneza. Leo afurahi tofali limevunjika. Kesho halishiki vizuri. Kesho kutwa alivunja mwenyewe.

Tunajua majibu ya watu. Jibu la kwanza ni hili: “Wanatulipa kidogo, basi twajilipa wenyewe.” Jibu hili si geni. Mwaka 1679 Papa Inosenti wa 11 alikataza fundisho la walimu fulani waliosema kwamba mtumishi akiona mshahara wake hautoshi kazi yake, aweza kujilipa kwa siri katika mali ya bwana wake. Kwa nini Kanisa lilikataza? Kwa sababu mtu hawezi kuwa mshtaki, hakimu na mwenye kudai katika kesi yake mwenyewe. Lakini tajiri asifurahi haraka. Kanisa lile lile, kwa kinywa cha Papa Leo wa 13 katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, lilifundisha kwamba mshahara wapaswa kumtosha mfanyakazi mwenye kiasi, na kwamba kumnyima mtu ujira wake ni dhambi inayomlilia Mungu. Mgala muue na haki mpe. Mshahara mbaya udaiwe mchana, kwa umoja, kwa chama cha wafanyakazi na kwa sheria.

Jibu la pili ni hili: “Mwenye shida haibi.” Ni kweli kwamba Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha hivyo: mtu aliye katika hatari ya kufa, asiye na njia nyingine, akichukua kinachomwokoa si mwizi, kwa sababu Mungu aliumba mali ya dunia kwa ajili ya wote. Lakini angalieni maneno haya, “asiye na njia nyingine”. Sisi tulikuwa na njia nyingine. Mama yule alikuwa na shida ya kweli, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwenye shantye mchana kuuliza. Kuuliza si ujinga, nasi tulilijua neno hilo tangu utoto. Kwa nini hatukuuliza? Tuseme ukweli: tuliogopa kuambiwa “hapana”. Bei ndogo ya usiku ilitupendeza kuliko jibu la mchana. Na mtu anunuaye mabati usiku kwa zamu, akasema hakujua, amechagua kutojua.

Mji wetu umekwisha kulionja jambo hili. Mwezi wa Oktoba mwaka 1991, askari walipoanza kupora maduka na nyumba hapa Lubumbashi, mali iliyoporwa iliuzwa mitaani kwa bei ya karanga. Wengi walisema, “Nisiponunua mimi, atanunua mwingine.” Baadaye viwanda vilipokufa, mashine zake ziliuzwa kama vyuma chakavu, ile tuitayo mitraye, hata zile ambazo zingaliweza kufanya kazi bado. Kila mtu alisema vimetupwa. Lakini mji ukisema kila kitu kimetupwa, mwishowe hakuna kinachojengwa.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana hatutaki kuwahubiria maskini peke yao. Yuko mwenye shantye ambaye akimaliza kazi huchoma mbao, huyafukia matofali shimoni, hupondaponda milango, ili asipate usumbufu wa watu wanaoomba. Atasema, “Ni mali yangu.” Ni yake kweli. Lakini je, alipewa ili aiharibu? Katika Agano la Kale Mungu aliwaagiza Waisraeli wasivune mpaka kwenye pembe za shamba, wala wasirudi kuchukua mganda waliousahau, kwa sababu hiyo ni sehemu ya maskini, mgeni, yatima na mjane. Twaona kwamba mabaki hayakuwa fadhili tu, yalikuwa sheria. Na Boazi alifanya zaidi ya sheria: aliwaambia vijana wake wadondoshe masuke makusudi, na wasimwaibishe Ruthu alipookota. Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisaria, aliwaonya matajiri wa wakati wake kwamba kile wanachokiacha kioze nyumbani mwao ni deni lao kwa maskini. Basi, bwana anayechoma mbao nzuri mbele ya macho ya watu wasio na mlango, hata kama hakuna hakimu wa kumhukumu, Mungu atamwuliza.

Twafahamu pia hofu yake. Watu wengi wakiingia shantye, mmoja atakanyaga msumari, mwingine ataangukiwa na ukuta, wa tatu atabeba kisichotupwa. Dawa yake ni utaratibu. Aweke siku moja ya juma. Lundo la kutolewa liwe karibu na lango. Kapita aandike karatasi: mbao kadhaa, mabati kadhaa, jina la achukuaye, na sahihi. Karatasi ndogo ya namna hii humlinda mwenye mali, humlinda kibarua asishtakiwe bure, na humlinda maskini njiani akisimamishwa na polisi. Je, ni kazi kubwa?

Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipitia swali letu hili hili kabla ya kuwa mtakatifu. Alitaka kutengeneza kanisa lililobomoka la San Damiano. Kwa bidii yake alichukua vitambaa katika duka la baba yake, akaviuza mjini Foligno pamoja na farasi, akampelekea padri fedha. Padri akakataa kuzipokea. Baba yake alipokasirika na kumshtaki, askofu hakusema, “Mwache, fedha ni za kanisa.” Alimwagiza Fransisko azirudishe, kwa kuwa Mungu hataki nyumba yake ijengwe kwa mali yenye mashaka. Fransisko akazirudisha. Kisha akafanya nini? Alikwenda katika njia za Asizi akiwaomba watu mawe, mmoja mmoja, waziwazi, huku wengine wakimcheka. Kanisa likasimama. Mawe ya kuombwa yalifanya kazi ambayo fedha za kuchukuliwa hazikuifanya.

Nasi tulifanya nini? Tulimweleza mama mjane habari yote. Hatukutaka, lakini nyumba ni yake, na haki ya kujua ni yake. Alinyamaza, kisha akasema, “Yarudisheni, watoto watalala tena kwa majirani.” Neno lake lilitutia haya, maana ni mtu asiye na kitu aliyekuwa wa kwanza kurudisha. Katekista na wazee wawili walikwenda kwa mwenye shantye, mchana, kwa mlango wa mbele. Alikasirika sana. Walimwacha akasirike. Alipotulia, walimwambia bei tuliyotoa, na kwamba mabati yako tayari kushushwa. Alikubali tulipe thamani yake kwa miezi mitano, na mabati yabaki mahali pake. Masoni walirudishiwa mishahara yao. Vibarua wawili walirudi kazini. Wawili wengine walikuwa wamekwisha kuhama. Watu husema walikwenda upande wa Kolwezi. Tumewatafuta, hatujawapata. Hao twawadai sala tu, na sala hailipi kodi ya nyumba yao. Padri alituambia katika mafundisho kwamba wizi hausamehewi bila nia ya kurudisha. Lakini yako madhara ambayo mtu hataweza kuyarudisha hata akitaka, na hiyo ndiyo sababu tunawaandikia.

Basi, tuweke maneno machache ambayo kila jumuiya yaweza kuyashika. Kwanza, usiokote bila kuuliza, na usimwulize zamu. Mwulize mwenye kazi au mtu aliyepewa mamlaka naye. Pili, usinunue usiku. Kitu kilichotupwa kweli hakiogopi jua. Tatu, ikiwa wewe ni fundi, usiombe mabaki ya kazi yako mwenyewe kabla kazi haijaisha, ili mkono wako usijaribiwe. Nne, usimpe jirani kitu cha kumwua. Simenti iliyoganda mfukoni ni jiwe, si simenti tena. Kuiponda na kuichanganya upya ni kujidanganya. Nondo iliyopindwa na kunyoshwa mara nyingi isibebe dari. Yale mabati mazito ya kijivu ya zamani, yaliyotengenezwa kwa simenti na asbesto, usiyavunje wala kuyakata kwa msumeno, maana vumbi lake hukaa katika mapafu na kuleta saratani baada ya miaka mingi. Mbao zilizopakwa dawa au rangi usizichome katika mbabula ya kupikia.

Na ninyi wenye shantye, kati yenu wako Wakristo wengi, nanyi mwasoma gazeti hili: fungueni lango siku moja ya juma.

Zaburi yatukumbusha jiwe walilolikataa waashi, nasi twajua ni nani aliyefananishwa na jiwe hilo. Kwa hiyo Mkristo hawezi kukidharau kilichotupwa. Lakini jiwe lile lilichukuliwa mbele ya macho ya wote, likawekwa pembeni pa nyumba kwa mkono wa Mwenyewe. Ndugu wa Naviundu, tuokote, ndiyo, tuokote sana. Ila tuokote mchana, mlango ukiwa wazi, na jina letu likiwa limeandikwa.